Uzi wa Sturgill Simpson: anabadilisha nguo, nyimbo ni zile zile

Gitaa Kavu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kila ukifunguliwa uzi wa kantri humu ndani tunaishia kwa Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams na Dolly Parton, kisha anatokea mmoja anasema kantri ya siku hizi haina kitu, na uzi unakufa hapo. Hao wazee nimelelewa nao, siwagusi. Leo nataka tumjadili mtu aliye hai, aliyezaliwa 1978, ambaye kwangu mimi ndiye mtunzi wa kantri mwenye kazi nzito kuliko wote waliotoka baada ya 2010. Anaitwa Sturgill Simpson.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili wa kunipinga mjipange. Huyu bwana anasifiwa na analaumiwa kwa jambo hilo hilo moja, kwamba hatulii. Leo kantri ya miaka ya 70, kesho matarumbeta ya souli, keshokutwa roki ya masinta (vinanda vya umeme), mtondogoo blugrasi (muziki wa milimani wa banjo, fidla na mandolini). Mimi nasema hajawahi kubadilika. Anabadilisha nguo. Ndani yake ni mtu yule yule wa milimani Kentucky anayepigana na kazi, familia na imani iliyomponyoka. Ushahidi kautoa mwenyewe mwaka 2020, tutaufikia.

Kwa wasiomjua: kazaliwa Jackson, Kentucky, mashariki kule kwenye milima ya Appalachia na migodi ya makaa ya mawe. Kwa mama ni wachimba makaa, baba yake alikuwa polisi. Kaingia jeshi la majini la Marekani, kapelekwa Japani, katoka huko kahangaika upande wa Seattle, karudi Kentucky kaunda bendi ya Sunday Valley ambayo haikumfikisha mbali. Mwishowe kajikuta Utah akifanya kazi kwenye yadi ya reli ya Union Pacific, muziki kauweka kando. Mkewe ndiye aliyemsukuma arudi, wakahamia Nashville. Albamu ya kwanza imetoka 2013, jamaa ana miaka 35.

Hiyo albamu ni High Top Mountain. Jina ni la makaburi ya kwao walikolala ndugu zake. Prodyuza ni Dave Cobb, na kwenye kinanda wamemkalisha Hargus "Pig" Robbins, mzee asiyeona aliyepiga kwenye rekodi za Nashville tangu enzi za George Jones. Lile gitaa la kulaza lenye pedeli, linalolia kwa kuvuta, yuko Robby Turner aliyewahi kuwa na Waylon Jennings, yule mwimbaji mkongwe wa kantri. Mpigie baba yako "Water in a Well", hatauliza swali hata moja. Ni albamu nzuri, ila Waylon yumo mno kwenye koo la kijana, kwa hiyo siichelewi.

Metamodern Sounds in Country Music (2014) ndiyo iliyomtoa. Jina linamchokoza kidogo Ray Charles na ile albamu yake ya kantri ya 1962. Ilirekodiwa kwa siku chache, gharama kama dola 4,000, pesa ambayo kwa Nashville haitoshi hata kushona suti za video. Inafunguliwa na sauti ya babu yake, Dood Fraley, akimkaribisha mjukuu kama anavyokaribishwa mtu kwenye jukwaa la kijijini. Halafu unaingia "Turtles All the Way Down". Sikilizeni muziki wake kwanza bila maneno: ni kantri ya kanisani kabisa, polepole, ungeweza kuimbwa na Jim Reeves. Kisha rudi kwenye maneno. Yesu yumo, shetani yumo, Buddha yumo, dawa za kulevya za kuona maono zimo, na viumbe vya mijusi vilivyoumbwa kwa nuru vimo. Mwisho wa safari yote anasema kilichomwokoa ni upendo. Watu walishikilia mijusi, wakampa jina la kantri ya kulewa maono. Mimi nasikia mtoto wa kilokole anayejieleza kwa mama yake kwa nini haendi tena ibadani.

Gitaa la umeme humo limepigwa na Laur Joamets, kijana wa Estonia. Muestonia kuja Nashville kuwafundisha kupiga kantri, hiyo peke yake inahitaji uzi wake. Pia kuna "The Promise", wimbo wa kinanda cha umeme wa bendi ya Uingereza iitwayo When in Rome, wa mwishoni mwa miaka ya 80. Sturgill kaupunguza mwendo mpaka ukageuka ombi la mtu aliyepiga magoti. Anaanza kwa kunong'ona, na dakika ya mwisho anapasua.

Naendelea jioni, niko kazini.

Mzee wa Kaseti

Mleta uzi, mijusi ya nuru? Na unataka nimpigie baba yangu? Mzee wangu ni mzee wa kanisa.

Gitaa Kavu (mleta uzi)

Nimesema "Water in a Well", mkuu. Usinichomee.

Baharia wa Kilindini

Nawasalimu kutoka Mombasa. Kaka mleta uzi, ukifika albamu ya tatu niachie mimi, maana nimekula chumvi ya meli miaka mingi na ile ni yetu.

A Sailor's Guide to Earth, 2016. Kishapata mtoto wa kiume wa kwanza, na kazi ya muziki inamweka barabarani mwaka mzima. Albamu nzima ni barua kwa yule mtoto. Wazo kalitoa kwenye barua ya babu yake aliyoiandika akiwa vitani Pasifiki, Vita vya Pili vya Dunia, akimuaga mke na mtoto mchanga kwa kudhani hatarudi. Alirudi. Lakini barua ikabaki.

Wimbo wa kwanza ni "Welcome to Earth (Pollywog)". Pollywog ni baharia ambaye hajavuka ikweta. Melini kuna sherehe yake, ukivuka mara ya kwanza unamwagiwa maji, unapakwa uchafu, unadhalilishwa mpaka basi, kisha unapewa cheti. (Sisi Wakenya tunavuka ikweta kwa matatu pale Nanyuki, na wa kukudhalilisha ni kondakta.) Sasa mtoto aliyezaliwa ndiye pollywog, hajavuka chochote. Sikiliza namna wimbo ulivyojengwa: bahari, kengele, kinanda taratibu, nyuzi za fidla zinapanda, baba anamkaribisha mtoto duniani na kumwomba radhi kwamba muda mwingi hatakuwepo. Unadhani ni wimbo wa kulia tu. Katikati kila kitu kinageuka, ngoma zinaingia mbio na matarumbeta ya Dap-Kings, wale wa New York waliokuwa wakipiga na Sharon Jones, na baba sasa anaimba kama mtu aliyeona taa za bandari ya nyumbani. Nilipousikia mara ya kwanza nilikuwa kontrakti ya miezi tisa, binti yangu anajifunza kutembea kwenye simu ya mke wangu. Siendelei hapo.

"Sea Stories" ndio ukweli wenyewe wa baharia kijana, anataja Japani na Thailand, bandari moja baada ya nyingine, na kwamba pesa yote iliishia huko. Kwenye "Keep It Between the Lines" anampa mtoto nasaha za maisha, matarumbeta yakimcheka kidogo. Na kuna "In Bloom" ya bendi ya roki Nirvana, ambayo kaifanya wimbo wa kubembeleza mtoto. Wapenzi wa Nirvana walikasirika. Wimbo ule asili yake ni kejeli kwa shabiki asiyeelewa anachoimba. Yeye kauelekeza kwa kijana anayekua na kuongeza maneno machache ya upendo mahali ambapo Kurt Cobain hakuyaweka. Kwangu huyu ni baba anayemkabidhi mtoto kaseti aliyoipenda akiwa shule.

Hii kaiprodyusi mwenyewe, kampuni ya Atlantic ikaitoa. Mwaka uliofuata ikachukua Grammy ya albamu bora ya kantri, na iliteuliwa pia kwenye albamu bora ya mwaka pamoja na Beyoncé, Drake, Justin Bieber na Adele aliyeshinda.

Neema wa Mandolini

Baharia, umenitoa machozi ofisini, watu wananiangalia.

Naongeza moja ambalo hamjalisema. Huyu mtu na wakubwa wa Nashville hawaivi. 2016, miezi michache baada ya gwiji wa kantri Merle Haggard kufariki, chama kimoja cha kantri kilitangaza tuzo kwa jina la Merle. Sturgill akaandika mtandaoni kwamba hao hao ndio waliomtupa Merle uzeeni redio zilipoacha kumpiga. Kisha Novemba 2017, usiku wa tuzo za CMA, zile kubwa za kantri Marekani, yeye hakualikwa kuimba ndani. Akaenda na gitaa kusimama nje ya ukumbi, Bridgestone Arena, Nashville. Akafungua sanduku la gitaa chini, Grammy yake kaiweka mle ndani pamoja na sarafu za wapita njia, akaimba na kujibu maswali ya watu mubashara kwenye Facebook. Zile pesa akasema zinakwenda ACLU, shirika la kutetea haki za raia. Mwenye Grammy ya albamu bora ya kantri anaomba chenji nje ya mlango wa sherehe ya kantri.

Mzee wa Kaseti

Hapo sasa ameanza kunipendeza.

Volti 220

Mnazunguka tu, fikeni Sound & Fury (2019), maana hapo ndipo mlipofungiwa mlango. Hiyo si kantri hata kwa kuilazimisha. Gitaa limekaangwa, sinta zinanguruma, dramu za disko. Karekodi kwenye moteli ndogo Michigan, na Netflix wakatoa filamu nzima ya anime (katuni za Kijapani) iliyokwenda na albamu, chini ya Jumpei Mizusaki, michoro ya wahusika ya Takashi Okazaki aliyechora Afro Samurai. Magari, panga na damu. Kwa sisi watu wa roki ni bonge la albamu, "Sing Along" naipiga gari likitetemeka. Hoja ya mleta uzi ya nguo inafia hapa. Hii ni ngozi nyingine kabisa.

Gitaa Kavu (mleta uzi)

Nimerudi. Volti, hebu tulia usome majina ya watunzi. "A Good Look" kaitunga na John Prine. Nitajie mtu wa kantri na folki zaidi ya John Prine. Na ukiuvua "Mercury in Retrograde" zile sinta unabaki na mtu aliyechoka kukumbatiwa na wanafiki wa biashara ya muziki, yaani mada ile ile ya nje ya Bridgestone Arena. "Make Art Not Friends" nayo vivyo hivyo. Alikuwa na hasira na uchovu wa barabarani, akaichukua nguo ya hasira.

Nakubali si albamu ya kumpigia mgonjwa.

Volti 220

Mtunzi mmoja kwenye wimbo mmoja haifanyi albamu kuwa kantri. Tubaki hivyo.

Kasuku wa Lubumbashi

Jambo kwenu bandugu. Miye niko hapa Lexington, Kentucky, nilitoka Lubumbashi. Wakongomani tuko wengi huku, ukiingia dukani unasikia Kiswahili kuliko unavyofikiri. Sturgill alikulia pia Versailles, mji mdogo hapa pembeni, unaufikia kabla chai haijapoa. Jackson yenyewe ni mashariki, kama saa moja na nusu kwa gari, unapanda milima.

Nimefika upande ule kwa kazi ya kupeleka mizigo. Mnasema kantri, kantri, lakini huku ni habari za jirani. Barabara namba 23 ya mashariki mwa Kentucky wameiita barabara ya muziki wa kantri, kwa sababu ya watu waliotoka kando yake: Loretta Lynn, Dwight Yoakam, Chris Stapleton na wengine. Na Tyler Childers, ambaye vijana wa kazini kwangu wanamwimba toka asubuhi mpaka jioni, albamu zake *Purgatory* ya 2017 na *Country Squire* ya 2019 kaziprodyusi huyu huyu Sturgill akiwa na David Ferguson.

Mleta uzi kapita High Top Mountain mbio, na miye nitamrudisha. "Old King Coal". Baba mkubwa wa kwetu alichimba shaba Katanga, kwa hiyo nilikaa nikasikiliza. Kijana anaimba kwamba baba wa babu yake alishinda mgodini mchana na jioni akakaa barazani. Sasa makaa yamekwisha thamani, kilichobaki ni posho ya serikali na vidonge, mito ina tope na milima imenyolewa. Nilipita kwenye ile milima, ni kweli, kilele kimekatwa kikawa uwanja. Nyumba za mbao zimefungwa. Kituo cha mafuta ndicho pia duka, ndicho pia mahali pa kula. Na watu wakarimu kabisa, muzee mmoja alinipa kahawa akaniuliza Kongo tunachimba nini. Tukaongea migodi nusu saa, miye na yeye.

Gitaa Kavu (mleta uzi)

Kasuku, mchango huu unanisaidia kuliko nilivyotegemea. Sasa ule ushahidi.

2020 yuko ziarani na huyo huyo Tyler Childers, gonjwa linaingia, ziara inasimama, na yeye mwenyewe anaugua korona. Aprili John Prine anafariki kwa gonjwa hilo hilo. Mashabiki wanachanga pesa za misaada, naye alikuwa kaahidi wakifikia lengo atawapa albamu. Basi akaingia Butcher Shoppe, studio ya Nashville iliyokuwa ya Prine na David Ferguson, akakusanya mabingwa wa blugrasi: Sierra Hull mandolini, Stuart Duncan fidla, Scott Vestal banjo, Tim O'Brien na Mark Howard magitaa, Mike Bub besi, na Miles Miller, mpiga dramu wake wa siku zote. Hakuna gitaa la umeme, hakuna sinta, hakuna tarumbeta. Wakapiga nyimbo zake za zamani. Hiyo ndiyo Cuttin' Grass Vol. 1, nyimbo 20, Oktoba 2020. Desemba ikaja Vol. 2, nyimbo 12, safari hii Cowboy Arms, studio iliyokuwa ya Cowboy Jack Clement.

Fanyeni hivi usiku wa leo. Pigeni "Just Let Go" ya 2014, halafu ya 2020. Ile ya kwanza imezama kwenye mwangwi, maneno ya kujiachia na kuyeyuka yanaelea, unaweza kudhani ni wimbo wa mtu aliyevuta kitu. Ya pili banjo inadondosha noti moja moja, fidla inajibu, sauti za pembeni zinaingia kwenye kiitikio, na ghafla ni wimbo wa maziko wa milimani. Neno halijabadilika hata moja. Kisha "Call to Arms". Kwenye Sailor's Guide ni fujo, matarumbeta na kinanda vinagombana, wimbo wa kupinga vita unaoishia kwa kuvunja vyombo. Kwenye Vol. 2 spidi ile ile imehamia kwenye vidole vya mandolini na banjo. Hasira imebaki, kelele imeondoka. Na ukisikiliza maneno sasa yanasikika yote, jambo ambalo kwenye ile ya 2016 halikuwezekana.

Vol. 2 inafunga kwa "Hobo Cartoon", wimbo alioutunga na Merle Haggard. Yule Merle aliyempigania.

Kwangu hizi mbili ndizo mlango. Si kwa sababu ni bora kuliko Sailor's Guide, hapana. Ni kwa sababu hazikupi nafasi ya kubishana kuhusu sauti, unabaki na utunzi peke yake.

Neema wa Mandolini

Sierra Hull kwenye "Breakers Roar". Nimekaa.

Ila mkuu, angalia jambo moja. Kutoka Sound & Fury hakuweka hata wimbo mmoja kwenye hizo albamu mbili. Kama ni nguo tu, mbona zile hakuzivua?

Volti 220

ASANTE.

Gitaa Kavu (mleta uzi)

Neema umeniumiza. Jibu langu: albamu ilikuwa na mwaka mmoja tu, bado mbichi. Lakini swali ni zuri na nitalibeba.

Baharia wa Kilindini

Malizieni na The Ballad of Dood and Juanita (2021). Hadithi moja toka mwanzo mpaka mwisho, Kentucky wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Dood, mtu mwenye bunduki na nyumbu wake Shamrock na mbwa wake Sam, mkewe Juanita anatekwa na jambazi, anamfuata milimani. Majina ni ya babu na bibi yake. Waliirekodi ndani ya wiki moja, inakwisha kabla ya dakika 30. Willie Nelson kapiga gitaa kwenye "Juanita", na hapo ndipo penye utamu wote. Wimbo wa kumzika mbwa, "Sam", ni sauti tupu bila ala. Kwangu ni albamu ndogo. Nzuri, lakini ndogo, kama mtu alitaka kuitimiza ahadi.

Kasuku wa Lubumbashi

Hapana kaka. Ile ni hadithi za barazani. Si lazima kila kitu kiwe kikubwa.

Neema wa Mandolini

Na ahadi ilikuwepo kweli. Alisema tangu awali kwamba kwa jina lake atatoa albamu tano za nyimbo mpya basi. Hesabu: High Top, Metamodern, Sailor's, Sound & Fury, Dood. Mwaka huo huo wa 2021 nyuzi za sauti zikavuja damu, akakatisha ziara, akanyamaza. Tukamwona kwenye filamu ya Martin Scorsese, *Killers of the Flower Moon*. Kisha Julai 2024 anarudi na Passage du Désir, jina la msanii ni Johnny Blue Skies. Nyimbo nane, Paris imetawala, karekodi Nashville na Abbey Road London. Polepole, gitaa refu, kantri na souli zimelala kitanda kimoja. "Scooter Blues" ni kichekesho cha mtu anayetaka kutoroka aende kisiwani na pikipiki ndogo. "Jupiter's Faerie" si kichekesho: anamkumbuka mwanamke aliyewahi kumpenda, anataka kumtafuta baada ya miaka, anagundua alijiua zamani. Dakika saba na haina neno la ziada. Mimi naiweka juu ya Sailor's Guide, mnitukane.

Baharia wa Kilindini

Siwezi kukutukana, dada, ila umekosea.

Mzee wa Kaseti

Basi nimesoma uzi wote. Mzee wangu ni wa Jim Reeves na nyimbo za dini, mimi ni wa Don Williams, mwanangu anasikiliza roki na katuni za Kijapani. Gari ni moja, safari ya Moshi mwezi wa kumi na mbili. Nipangieni.

Gitaa Kavu (mleta uzi)

Kutoka Dar mpaka Chalinze, Cuttin' Grass Vol. 1, mzee atatikisa kichwa, ila "Turtles" iruke. Chalinze mpaka Korogwe, Passage du Désir, yako hiyo. Korogwe mpaka Same mzee atakuwa amelala, mwachie kijana Sound & Fury kwa sauti ya chini. Kuanzia Same weka Sailor's Guide bila kuruka kitu.

Volti 220

Sauti ya chini haiwezekani, mkuu. Mwambie kijana avae spika za masikioni.